Bingwa wa Tour de France Hana Hakika ya Kuongoza Timu Yake

Kutwaa jezi ya njano hakumpi mwendesha baiskeli haki ya kudumu ya kuongoza timu. Kila msimu timu huteua kiongozi upya. Waliobaki humkinga upepo, humletea maji, hata humpa baiskeli zao yake ikiharibika.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliingia mashindano ya mwaka 2018 akiwa kiongozi wa timu ya Sky na bingwa mara 4. Alimaliza wa 3. Mshindi akawa Geraint Thomas, msaidizi wake wa miaka mingi.

Mwaka 2019 Thomas naye aligawana uongozi na Egan Bernal wa Kolombia, mwenye miaka 22, ambaye ndiye aliyeshinda. Froome hakushiriki: alikuwa amevunjika paja mwezi Juni.