Ndege Isiyo na Rubani Inajuaje Chini ni Wapi?

Swali lilitoka kwa mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 14, amezaliwa hapa Maryland, lakini Kiswahili chake ni cha Tanga kwa sababu mama yake hakukubali vinginevyo. Tulikuwa mezani tukibandika kwa gundi mkia wa ndege ya povu gumu, mabawa yake mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, uzito kama kilo moja na robo. Akaokota kile kisanduku kidogo ambacho kingeirusha ndege peke yake, akakigeuzageuza kiganjani. "Shangazi, hiki hakina macho. Kitajuaje chini ni wapi?"

Nilimjibu kwamba ndani yake mna kipima mchapuko, kinachohisi mvutano wa dunia kama timazi ya fundi mwashi. Jibu hilo ni kweli ndege ikiwa juu ya meza. Ikisharuka, halitoshi. Kumbuka safari yako ya mwisho ya kwenda nyumbani: rubani anakata kona, dirisha la upande mmoja limejaa bahari, la upande wa pili limejaa mawingu, na chai yako imetulia kikombeni kama uko sebuleni. Kona iliyokatwa vizuri huivuta chai kuelekea sakafu ya ndege, siyo kuelekea ardhi. Timazi nayo ingedanganyika vivyo hivyo. Ndiyo maana marubani wa zamani walioingia mawinguni bila vifaa waliweza kuinamia upande mmoja taratibu, mwili ukiwaambia wamenyooka, mpaka wakaanguka.

Kwa hiyo mtoto aliuliza swali ambalo watu wazima walihangaika nalo kwa karibu miaka mia moja.

Wa kwanza kulijibu hadharani alikuwa kijana wa miaka 21, Lawrence Sperry, Mmarekani. Tarehe 18 Juni 1914 alirusha ndege yake juu ya mto Seine karibu na Paris, mbele ya majaji wa shindano la usalama wa ndege, akainua mikono yote miwili juu ili waione. Msaidizi wake, Emil Cachin, akatoka akatembea juu ya bawa. Uzito wake ulipaswa kuipindua ndege, lakini ikajinyoosha yenyewe. Ndani mlikuwa na jairoskopu, magurudumu yanayozunguka kwa kasi na kukataa kuyumba, kama pia ya watoto inavyokataa kuanguka ikiwa bado inazunguka. Ndege ilipoinama, magurudumu yalibaki yalivyokuwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyosukuma usukani.

Mashine ya namna hiyo ilikuwa nzito mno kwa ndege ndogo. Hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii, na aliishi jirani na ninapokaa. Maynard Hill alikuwa mhandisi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins hapa Laurel, na tangu utotoni alikuwa mjenzi wa ndege ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitumia jambo ambalo wengi wetu hatujui kwamba lipo: hewa ina umeme wake. Siku tulivu, karibu na ardhi, kila mita unayopanda juu huongeza takriban volti 100. Hill aliweka vihisi kwenye ncha za mabawa. Bawa moja likishuka, volti zake zinapungua, na usukani unalirudisha. Ndege ilijua chini ni wapi kwa kuonja umeme wa hewa!

Agosti 2003, akiwa na miaka 77, macho yake karibu hayaoni na masikio hayasikii vizuri, Hill na wenzake waliachia ndege kutoka Newfoundland, Kanada, ielekee Ireland. Iliitwa TAM-5, na nyingine zilizotangulia hazikufika. Ilijengwa kwa mti mwepesi wa balsa, ikatumia mafuta ya majiko ya kambini, na pamoja na mafuta yake haikufika kilo 5. Iliongozwa na jairoskopu ndogo na GPS. Saa 38 na dakika 52 baadaye, baada ya kilomita zipatazo 3,030, ilitokea ufukweni Ireland. Dave Brown, aliyekuwa akiisubiri na rimoti mkononi, akaishusha yeye mwenyewe. Mimi hushikilia jambo hilo la mwisho: mashine iliaminiwa kuvuka Atlantiki, lakini kwenye kutua palikuwa na binadamu.

Bei ilishuka baadaye. Mwaka 2007 Chris Anderson, mwandishi wa habari wa California, alianza kujenga otopailoti, visanduku vya kurusha ndege kama hiki chetu, nyumbani pamoja na watoto wake, na akafungua jukwaa la watu wenye hamu hiyo. Huko akakutana na Jordi Muñoz, kijana wa Tijuana, Meksiko, na mwaka 2009 wakatoa kibao cha kwanza cha ArduPilot. Kibao hicho cha mwanzo kilitafuta upeo wa macho kwa vihisi vya joto: ardhi ina joto, anga ni baridi, na palipo na mpaka kati yake ndipo pa kulinganisha mabawa. Kisha simu za mkononi zikaja na jairoskopu za silikoni ndogo kama punje ya mchele, na ghafla kile alichokibeba Sperry kwenye ndege nzima kikaingia kwenye kibao cha gramu chache. Programu yake ni huria, kila mtu anaweza kuisoma na kuirekebisha. Mwaka 2014 huko Queensland, Australia, timu ya CanberraUAV iliyotumia programu hiyohiyo ilishinda shindano la kumtafuta sanamu aliyepewa jina la Outback Joe na kumdondoshea chupa ya maji.

Sasa naweza kumjibu mtoto. Kisanduku chake kina mashahidi kadhaa, na hakuna hata mmoja anayeaminika peke yake. Jairoskopu inasema ndege imegeuka kiasi gani tangu sekunde iliyopita, lakini makosa yake madogo hujumlishana, kama mtu anayehesabu hatua gizani. Kipima mchapuko hukosea kwenye kona, lakini kwa muda mrefu wastani wake ni sahihi. GPS inajua ndege inakwenda kasi gani na inakata kona kali kiasi gani, kwa hiyo programu inaweza kukadiria nguvu ya kona na kuiondoa kwenye hesabu. Barometa inatoa kimo, dira inatoa mwelekeo. Makumi ya mara kila sekunde programu huwasikiliza wote, hupima nani wa kuaminiwa zaidi wakati huo, na kutoa uamuzi mmoja: chini ni huku.

Lakini mashahidi hao wanajua tu kile ulichowafundisha mezani, na usalama wa ndege hii huanzia hapo, kabla hujatoka mlangoni.

Ondoa propela kwanza. Sisemi hivyo kwa kujaza ukurasa. Mota ya umeme haingurumi kukuonya. Unachomeka betri, kosa moja la mpangilio linaamka, na kile kipande cha plastiki kinakata vidole. Propela hairudi mpaka uwe uwanjani.

Kisha kisanduku kinafundishwa. Programu kwenye kompyuta inakuomba uilaze ndege kwa namna sita: sawasawa, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, pua chini, pua juu, na chali. Ile ya kwanza usiifanye juu ya meza iliyoinama, maana ndege itaamini mwinamo wa meza yako ndio usawa wa dunia. Dira ifundishwe nje, mbali na magari na nondo. Uzito nao upangwe: weka ncha za vidole chini ya mabawa, karibu robo ya upana wa bawa kutoka mbele, au pale kiwanda kilipoandika. Ndege ikae sawa au pua iiname kidogo. Mkia ukiwa mzito, hakuna otopailoti itakayokuokoa. Sogeza betri mbele.

Halafu kuna jaribio lililonigharimu ndege yangu ya kwanza. Nilipofunga sevo za mabawa, yaani mota ndogo zinazosogeza vipande vya nyuma, nilisukuma kijiti cha rimoti kulia, vipande hivyo vikaenda kinyume. Nikageuza mpangilio kwenye rimoti, vikatii, nikaridhika. Sikujua kwamba nimerekebisha amri za mkono wangu tu. Otopailoti hutuma amri zake yenyewe kwa sevo, nazo zilibaki kinyume. Ndege iliruka vizuri kwa mkono. Kwenye kimo cha kama mita 40 nikabonyeza swichi ya kujisawazisha. Upepo ukaiinamisha kidogo kushoto, kisanduku kikaamua kuirekebisha, na kila kilipoirekebisha kikaizidisha. Ilijiviringisha ikaingia kwenye shamba la mahindi. Muda wa kurudisha swichi nilikuwa nao, sekunde mbili au tatu, lakini kidole changu kilikuwa kimeshatoka kwenye swichi. Hapakuwa na mtu chini yake, na hilo nalishukuru mpaka leo.

Jaribio lenyewe halihitaji hata dakika moja. Washa hali ya kujisawazisha, simama nyuma ya ndege, usiguse rimoti. Inua bawa la kulia kwa mkono: kipande cha nyuma ya bawa hilo lazima kiinuke, cha kushoto kishuke. Inua la kushoto, iwe vivyo hivyo upande huo. Inua mkia: kipande chake kiinuke. Ulichokiinua, kipande chake kiinuke nacho. Ikiwa sivyo, rekebisha ndani ya otopailoti, siyo kwenye rimoti.

La pili ninalolisisitiza ni kupotea kwa mawasiliano. Propela ikiwa bado imetolewa, zima rimoti kabisa, kisha tazama kompyuta: hali ya ndege inapaswa kubadilika yenyewe kuwa ya kurudi nyumbani. Vipokezi vingine, visipopangwa, huendelea kutoa amri ya mwisho viliyoipata, na ndege hukwenda moja kwa moja mpaka betri iishe. Ujue pia "nyumbani" maana yake nini. Siyo gari lako wala meza yako. Ni pale ilipokuwa ndege ulipoiruhusu mota kuwaka. Na kwa ndege yenye mabawa, ArduPilot ikiachwa ilivyo haitui: hufika juu ya mahali hapo na kuzunguka, kwa kawaida kwenye kimo cha mita 100, ikikusubiri. Angalia kama miti ya uwanja wako ni mifupi kuliko kimo ulichoweka.

Safari ya kwanza iwe ya mkono, juu kabisa ya miti lakini ndani ya macho yako, na kidole kibaki kwenye swichi. Kujisawazisha kuje baadaye, njia ya ramani ije mwisho kabisa. Upepo ukiwa mkali, rudi nyumbani. Bawa huinuliwa na hewa inayopita juu yake, siyo na kasi ya ardhini, na ndege inayosukumwa na upepo wa nyuma huonekana ina mbio hata kama bawa lake linakaribia kukosa hewa.

Sheria za huku ni hizi: ndege ikizidi gramu 250 isajiliwe kwa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kwa dola 5. Ufanye mtihani wa bure wa usalama uitwao TRUST, ubebe cheti chake. Usipite futi 400, kama mita 120, kwenye anga isiyo na udhibiti. Ndege isitoke machoni mwako hata kama ina uwezo wa kwenda kilomita nyingi. Tangu Septemba 2023 inapaswa pia kutangaza utambulisho wake kwa redio, isipokuwa kwenye viwanja vilivyoidhinishwa. Sisi tulio karibu na Washington tuna la ziada: ndani ya maili 15 kutoka uwanja wa Reagan hairuhusiwi kurusha bila idhini maalumu. Silver Spring, alikoishi Hill, imo ndani ya duara hilo. Ndiyo maana tunaendesha gari saa nzima kwenda kaskazini.

Wengi wenu huniuliza kama ndege kama hii ina kazi nyumbani. Inayo. Kuanzia 2016 Zanzibar ilipiga picha visiwa vyake kwa ndege ndogo za povu, nyepesi kuliko hii yetu, zikifuata njia zilizochorwa kwenye ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Rwanda nayo, mwaka huohuo, ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za mabawa zisizo na rubani kutoka Muhanga.

Ila kuibeba kwenye sanduku ni jambo jingine. Kenya inataka kibali cha mamlaka yake ya anga, KCAA, kabla ndege haijaingia nchini, na Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA. Usifike nayo forodhani ndipo uanze kuomba. Betri za akiba haziendi kwenye mzigo wa chini. Ni za kubeba mkononi, ncha zake zimefunikwa. Yetu, ya volti 11.1 na ampea-saa 2.2, ni wati-saa 24, mbali na kikomo cha 100 cha mashirika mengi ya ndege. Isafiri ikiwa na chaji ya kadiri, siyo imejaa.

Mtoto anataka kuirusha ufukweni Tanga mbele ya babu yake mwezi Desemba. Tumekubaliana kwamba kibali kisipotoka kabla ya tiketi kukatwa, ndege inabaki Maryland, na Babu atapelekewa video.