Mifarishi Kambani

Baridi ikiisha Alabama na jua likaanza kupata nguvu, wanawake wa Gee's Bend walikuwa wakitoa mifarishi yao yote nje. Miezi mingi ilikuwa ndani, mingine imetandikwa, mingine watu wamejifunika, ikinywa moshi wa kuni na jasho la watoto waliolala wanne kitanda kimoja. Sasa ilianikwa kwenye kamba na juu ya nyua ili ipigwe na upepo. Kijiji kikajaa rangi. Kisha watu wakatoka kutembea. Walipita uani kwa huyu, uani kwa yule, wakitazama: huyu safari hii ameweka nyekundu pembeni, yule ameunga mistari ikapinda kama maji ya mto. Mtu aliyetoka kwake hana wazo lolote la kushona alirudi na mawili matatu kichwani.

Ufundi wa mfarishi hufundishwa hapo, kambani. Mfarishi, kwa asiyeuzoea, ni tandiko la tabaka tatu. Juu kuna vipande vya nguo vilivyoungwa, katikati pamba au matambara, chini kitambaa kimoja kipana, na uzi hupita tabaka zote kwa mishono midogo midogo ili pamba isikusanyike pembeni. Mkono unaweza kujifunza hayo kwa wiki chache. Jicho halijifunzi upesi hivyo, wala halijifunzi peke yake. Linahitaji jicho la mtu mwingine aliyekaa na matambara yaleyale akaona jambo ambalo wewe hukuliona.

Gee's Bend iko wilaya ya Wilcox, katika pindo la Mto Alabama ambapo maji yamezunguka pande tatu na barabara ya kuingia ni moja tu. Kwenye ramani inaitwa Boykin, lakini wenyeji wameshikilia jina la zamani. Gee ni jina la ukoo wa mwenye shamba wa kwanza, aliyefika mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba likaenda kwa Mark Pettway, aliyewaleta watumwa wake wapatao mia moja kutoka North Carolina, wakitembea kwa miguu. Utumwa ulipokwisha, wengi walibaki palepale wakilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na jina la Pettway likabaki nao. Hata leo wengi wa washonaji wanaotajwa vitabuni wanaitwa Pettway, na si wote wenye undugu wa damu.

Mwaka 1932, bei ya pamba ikiwa imeanguka, mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha aliamua kukusanya deni lote kwa mkupuo. Watu wake walichukua nyumbu, majembe, mahindi, kuku, kila kilichobebeka. Wanakijiji waliponea chupuchupu kufa njaa majira yale, mpaka Msalaba Mwekundu ukawapelekea chakula. Baadaye serikali ilinunua ardhi, ikajenga nyumba ndogo za mbao na kuwauzia familia kwa mkopo nafuu, ndiyo maana wengi hawakuondoka. Mwaka 1962, weusi walipoanza kuvuka kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, kivuko kilisimamishwa. Hakikurudi mpaka mwaka 2006. Safari ya dakika chache majini ikawa safari ya zaidi ya saa nzima barabarani.

Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu yameshonwa ndani ya mifarishi yenyewe. Kitambaa kipya hakikuwapo. Walitumia ovaroli na mashati ya shambani yaliyochakaa, magunia ya unga, mapindo ya magauni. Ukiuangalia mfarishi wa jinzi uliotengenezwa na mmoja wao, unaona mahali palipokuwa mfuko pamebaki na buluu iliyokolea, na mahali pa goti pamepauka mpaka peupe. Mfarishi ulipozeeka kabisa uliwekwa sakafuni. Ulipochakaa zaidi ya hapo ulichomwa, moshi wake ukafukuza mbu. Hapakuwa na kilichotupwa.

Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alizikusanya nguo zake za kazi, akamwita binti yake Arlonzia amsaidie kuzichana, akaziunga mfarishi wa kujifunika ili amkumbuke. Arlonzia alikuja kuisimulia siku hiyo akiwa mzee. Mfarishi ungalipo. Una buluu, kijivu, weupe uliofifia, na pale palipo na madoa hujui kama ni udongo au ni jasho. Kwetu pwani mjane hukaa eda, na nguo za marehemu hugawiwa ndugu na maskini. Kwao mjane huyu alizilalia. Nimeitazama picha yake mara nyingi, na kila mara nanyamaza kwanza kabla ya kuangalia mishono.

Kazi yao ina sehemu mbili, na desturi imezitenga. Kuunga vipande vya juu ni kazi ya mtu peke yake. Mwanamke hukaa na matambara yake usiku, watoto wakishalala, na hakuna anayemwambia aweke nini wapi. Kushonea tabaka tatu ni kazi ya pamoja: fremu ya mbao huteremshwa kutoka darini au huegeshwa juu ya viti, wanne au sita wakakaa kuizunguka, wakaimba nyimbo za kanisani, wakasali, wakazungumza habari za kijiji. Leo wanaumaliza wa huyu, wiki ijayo wa yule. Kwa hiyo kila mwanamke alikuwa amepitisha sindano yake kwenye mawazo ya jirani zake wote. Alizijua rangi zao kwa vidole. Hata hivyo, aliporudi kwake kuunga wa kwake, kuurudia wa jirani ulivyo kulionekana ni upungufu.

Hili ndilo linalonivuta kwao kuliko uzuri wenyewe. Wana mitindo inayojulikana na wote. Mmoja wanauita paa la nyumba: unaanza na kipande kimoja katikati, unakizungushia vitambaa virefu, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka unafika ukingoni. Mwingine ni wa mwashi, vipande vimepangwa kama matofali. Mwingine unaitwa binti mvivu, mistari mirefu tu iliyosimama bega kwa bega, na jina lisikudanganye, maana kuufanya mstari mmoja uuchangamshe mwingine ni kazi ngumu. Binti hujifunza mitindo hii kwa mama au shangazi. Akishaijua, anatarajiwa aipinde. Kitambaa kikiisha katikati ya mzunguko anatia cha rangi nyingine, na pale palipopunguka ndipo panapompa mfarishi sura yake. Wenyewe husema wanashona kwa njia yao. Mary Lee Bendolph amesimulia kwamba wazo hupata popote, akitembea na kutazama nyumba na mabanda. Kwa aliyekulia kwenye vyumba vilivyobandikwa magazeti ukutani kuzuia upepo, si ajabu kuona miraba kila mahali.

Sitaki mtu adhani wote walishona kwa mapenzi. Loretta Pettway, ambaye mifarishi yake ya mistari ni miongoni mwa iliyonigusa zaidi, alisema wazi kwamba kushona hakukupenda. Alikuwa na watoto wa kufunika na nyumba inayopenya baridi. Sisi tunaoshona jioni kwa kujiburudisha, chini ya taa ya umeme, tunafuata njia iliyokatwa na watu ambao hawakuwa na hiari. Nadhani ni adabu kulikumbuka hilo kila tunapochukua mkasi.

Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo, wakisaidiwa na kasisi Francis X. Walter, waliunda ushirika walioupa jina la Freedom Quilting Bee. Mifarishi ilinadiwa New York, fedha zikaingia mikononi mwa watu ambao wengine walikuwa hawajawahi kupokea mshahara. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini maduka makubwa yalitaka kila mfarishi ufanane na mwenzake, kipimo kwa kipimo, na hilo lilikwenda kinyume na mazoea yao. Mwaka 1972 ikaja kazi ya kushona foronya za kodroi kwa ajili ya kampuni ya Sears. Foronya hazikuacha nafasi ya kubuni hata chembe. Ila mabaki ya kodroi, ya dhahabu, kijani cha parachichi, nyekundu ya kuiva, yalibebwa nyumbani kwa mafungu na kupitishwa mkono kwa mkono. Jioni walishona walivyotaka. Mifarishi ya miaka ile inang'aa kuliko yote iliyotangulia.

Umaarufu ulikuja mwaka 2002, mifarishi ilipotundikwa kwenye Museum of Fine Arts mjini Houston, kisha Whitney Museum, New York, ikapokewa kama michoro ya mabingwa. Mwaka 2006 kumi kati yake ilichapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Mwaka uliofuata baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai kwamba hawakulipwa haki yao kwa mitindo iliyokuwa ikiuzwa kwenye bidhaa za viwandani, na kesi zikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Jirani anayepita uani kwako akatazama, naye kesho atakutolea wa kwake uutazame. Anayechukua mtindo akauchapisha kwenye mazulia hana kamba ya kuanika chochote.

Sisi wa pwani jambo hili si geni. Inasimuliwa kwamba kanga ilianza hivyohivyo, mwishoni mwa karne ya 19: wanawake walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, sita sita, wakazikata tatu kwa tatu na kuziunga ubavu kwa ubavu wapate vazi moja pana. Wengine waliunga leso za michoro tofauti ili wapate sura isiyopatikana dukani. Kabla ya jina na methali ya pindoni, kulikuwa na mwanamke na sindano, akitazama alichojifunga mwenzake.

Na ndugu zetu waliovuka bahari bila kupenda kwao walikwenda na mikono yao. Huko India, kwenye misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, wanaishi Masidi, wazao wa Waafrika waliopelekwa kule kwa karne kadhaa, wengi kupitia Goa ya Wareno. Wenzao wa Gujarat bado wanaiita ngoma yao goma. Wale wa Karnataka, wawe Waislamu, Wakristo au Wahindu, wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Sari kuukuu hutandikwa chini, na vipande huanza kushonewa kwenye kona, vikafuata ukingo, vikazunguka kuelekea ndani mpaka vikutane katikati. Hakuna fremu. Kwenye kona nne hushonewa vikunjo vidogo vinavyoitwa phula, maana yake maua, na kawandi isiyo na maua huonekana kama imeachwa uchi. Gee's Bend paa huanzia katikati likapanuka. Kwa Masidi kazi huanzia pembeni ikarudi ndani. Mwaka 2011 kazi zao zilionyeshwa Harlem, kwenye kituo cha Schomburg, na nimewaza sana kama kuna mwanamke wa Alabama aliyepita pale na kusimama mbele ya kona ile yenye ua.

Mimi hushona mabaki ya vitenge ninayopewa na mafundi cherehani wa mtaani kwetu Tanga, wanaofurahi kupunguziwa taka. Mfarishi wangu wa kwanza niliuiga wa kitabuni, mraba kwa mraba, ukatoka umenyooka na hauna roho. Wa pili nilijaribu paa la nyumba. Kitenge cha manjano kiliniishia mzunguko wa nne, nikakaa siku tatu nikikasirika, kisha nikakumbuka kodroi, nikatia kipande cha kanga ya bibi kilichopauka. Kwenye kona nikakunja maua manne, kama Masidi. Sikuomba ruhusa kwa yeyote, lakini kila ninapouonyesha nawataja.

Wiki iliyopita niliuanika uani. Jirani yangu, aliyekuwa akienda sokoni, alisimama, akatua kikapu. Aliuzunguka mara mbili, akashika ua la kona kwa vidole viwili, halafu akageuza upande wa chini kuangalia mishono, kama afanyavyo mtu anayejua. Hakuusifu. Aliniuliza, "Dada, hii buluu imebaki?"