Kesi Yatajwa Homa Bay, Wakili Yuko Muhuru Bay

Tangu Machi 2020, maradhi ya korona yalipoilazimu Mahakama ya Kenya kupunguza vikao vya ana kwa ana, kutaja kesi kwa njia ya video kumekuwa ada hata katika Mahakama Kuu za Homa Bay na Migori, ambako jaji aweza kuwa kitini pake, mwendesha mashtaka afisini, mahabusu gerezani, na wakili ndani ya gari kando ya njia ya Muhuru Bay, simu ameiegemeza kwenye usukani. Afisini pana nyaya za kasi. Garini mna bando la simu na mnara ulio mbali. Imekuwaje, basi, udhaifu wa wakili yule usiwaharibie picha wenzake wote?

Zamani aghalabu uliwaharibia. Seva za awali zilipokea picha za wote, zikazifumbua, zikazibandika pamoja na kuzifumba upya, kazi iliyohitaji mitambo ya ghali na kuongeza kuchelewa. Na ilipobidi wote wapewe picha moja, kipimo kilikuwa cha yule aliye mnyonge kuliko wote.

Picha ya mistari 720 yenye fremu 30 kwa sekunde, kabla ya kushindiliwa, ni zaidi ya biti milioni 330 kila sekunde. Ikishindiliwa hubaki takriban milioni moja au moja na nusu, maana simu haitumi tena na tena ukuta usiosogea nyuma ya msemaji, bali hutuma tofauti tu baina ya fremu na fremu. Lakini faida hiyo ina hatari yake, kwani fremu moja ikipotea njiani, zile zinazoitegemea huharibika nazo, na sura ya mtu huganda au humeguka vipande.

Dawa yake ni usimbaji wa matabaka, ulioingizwa katika H.264, kanuni ya kushindilia video, mwaka 2007, kisha ukaendelea katika kanuni za VP9 na AV1, na ambao Zoom na Google Meet wameutumia. Simu husimba picha mara moja tu, lakini kwa daraja: chini kuna msingi, tuseme wa mistari 180, juu yake nyongeza ya kufikia 360, isiyosimulia picha upya ila kutaja yaliyokosekana, kisha nyongeza ya 720. Ni mfano wa kanzu, koti na joho: joho likivuliwa, kanzu hubaki na heshima yake, ila joho pasipo kanzu halimsitiri mtu.

Fremu nazo hupangwa hivyo hivyo. Chukua nne zinazofuatana: ya tatu huitegemea ya kwanza, ya pili na ya nne hutegemea zilizozitangulia, wala hakuna fremu yoyote inayozitegemea hizo mbili, kwa hiyo zikitupwa, 30 huwa 15, mkono wa msemaji huonekana ukiruka kidogo, lakini uso wake hausibiwi na lolote.

Seva sasa haina haja ya kuifumbua picha. Husoma alama iliyo kichwani mwa kila pakiti, hupokea habari za pakiti zinazopotea kwa kila mpokeaji, kisha humpa jaji matabaka yote na wakili wetu msingi peke yake. Njia yake ikitengemaa, humwongezea. Pakiti za msingi zikipotea hurudiwa. Za juu huachwa zipotee.

Gharama ipo: biti huzidi kwa asilimia 10 au zaidi, na simu hupata moto. Zipo huduma zinazotuma badala yake nakala mbili tatu kamili ili seva ichague, lakini huko, kwa maoni yangu, ni kumtwika mzigo mtumaji, ambaye huko Mbita au Muhuru Bay ndiye mwenye njia nyembamba. Na njia ya kupandishia isipoweza hata msingi, hakuna tabaka litakalomwokoa: azime kamera, abaki na sauti.

Kwa kesi inayotajwa tu ipangiwe tarehe, mistari 180 yatosha sana. Shahidi anapohojiwa ni jambo jingine, kwani uso mdogo uliofifia hauonyeshi kusita wala jasho; hapo afadhali jaji aahirishe shauri, au amwite shahidi mwenyewe mahakamani.