Mti Haupandwi Mtungini

Twajua sote ya kuwa mche hufa kwa kiu. Lakini katika mbuga za Kamsamba, wilayani Momba, hufa pia kwa wingi wa maji. Udongo mweusi wa bonde la Rukwa waufaa mpunga kwa sababu huyashika maji. Na jambo hilo hilo ndilo linaloudhuru mti. Maji yakituama, hewa haipiti udongoni, na mizizi huoza. Kiangazi kikifika, udongo huo hupasuka, na nyufa zake huikata mizizi iliyosalia.

Kwa hiyo yampasa mpandaji aache desturi ya kuchimba shimo refu na kulijaza udongo laini. Katika udongo wa mfinyanzi, shimo hilo ni mtungi: maji huingia, hayatoki. Na achimbe kwanza shimo la majaribio la nusu mita, alijaze maji. Yakiwamo bado kesho yake, basi ainue tuta pana lenye kimo cha nusu mita, achanganye samadi, achimbe mfereji kando, apande juu ya tuta, kisha afunike nyasi.

Tena achague mti. Mparachichi usitawio nyanda za juu za Mbozi hauvumilii maji yaliyotuama. Migunga ya mbugani huyavumilia.

Serikali imeagiza kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Agizo ni jema. Lakini hesabu ya haki si ya miche iliyotiwa ardhini masika haya, bali ya miti itakayokuwa hai masika yajayo. Wananchi wa Kamsamba na waidai hesabu hiyo.