Beit al-Ajaib: ukarabati unapobadilisha sura ya jumba

LUBUTU – Jumba la Beit al-Ajaib liko Zanzibar, mbali na misitu ya Maniema, lakini historia ya sehemu hizo mbili imefungamana. Pembe za ndovu alizokusanya Kasongo mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, zilibebwa na wapagazi na watumwa hadi pwani, zikauzwa Zanzibar enzi za Sultani Barghash bin Said. Ni Barghash aliyejenga jumba hilo mwaka 1883.

Hata hivyo, sura ambayo wengi wanaifahamu siyo aliyoiacha sultani huyo. Picha za zamani zinaonyesha mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipiga mizinga majumba ya sultani kwa muda usiofika saa moja. Mnara uliharibika. Katika matengenezo ya mwaka 1897, mnara mpya wenye saa uliunganishwa na upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, ukawa alama ya Mji Mkongwe.

Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, mnara huo na sehemu kubwa ya mbele viliporomoka. Watu wawili walifariki.

Tangu hapo swali ni moja: jumba lirudishwe kama lilivyokuwa mwaka 1883, au 1897? Kuuacha mnara wa saa ni kurudi kwenye mchoro wa Barghash, lakini pia ni kufuta alama ya vita vya 1896.

Vifaa navyo vina uzito. Majengo ya Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huacha ukuta upumue. Saruji ni ngumu zaidi, lakini hufungia unyevu ndani, na mawe huanza kuoza taratibu nyuma ya plasta inayong'aa.

Kwa Maniema, suala hili si la wageni. Mababu waliolazimishwa kubeba pembe walichangia utajiri wa Zanzibar bila kupata chochote. Jumba likirudi zuri, lakini habari zao zisielezwe ndani yake, kitakachokuwa kimebadilika si sura peke yake.