Sauti Katika Gari la Marehemu Baba: Spika Kuukuu Hupimwa Kabla ya Kutupwa

Barabara itokayo Machakos kwenda Kitui hukata eneo la Mwala, ikayagusa masoko ya Masii na Wamunyu. Katika nchi hiyo ya jua kali na vumbi jekundu, msafiri bado huweza kukutana na Peugeot 504, ile ya mgongo mrefu na viti vya safu tatu, iliyobeba wagonjwa, maharusi na magunia ya pojo kwa miaka mingi kuliko umri wa kijana anayeiendesha leo.

Gari hili si geni kwetu watu wa Pwani. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa gari bora barani Ulaya. Mwaka 1975 na tena mwaka 1978 likashinda mashindano ya Safari Rally katika barabara zetu wenyewe. Juu ya hayo, mengi yaliungwa hapa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na kazi hiyo iliendelea nchini Kenya kwa miaka mingi baada ya Wafaransa kuacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983. Basi gari lililotoka Mombasa likaishia Mwala ni kama jamaa aliyeolewa bara: makao yamebadilika, nasaba haikubadilika.

Leo hatuzungumzii injini yake. Tunazungumzia sauti yake. Kaseti, ambazo kampuni ya Philips ilizitoa mara ya kwanza mwaka 1963, ndizo zilizofanya magari ya wazee wetu yawe madrasa ndogo za safarini. Humo watoto walisikia kisomo cha Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad wa Misri, aliyefariki mwaka 1988. Humo yalisikika mawaidha ya masheikh wetu na, kwa waliopenda, taarabu ya Mombasa. Kisha ikafika siku spika zikaanza kukoroma, maneno yakawa hayatambulikani, na redio ikazimwa isiwashwe tena.

Hapo ndipo mzozo huanza nyumbani. Kijana hutaka milango ikatwe, zitiwe spika kubwa. Mama hutaka gari libaki kama marehemu alivyoliacha. Na pana jambo ambalo wengi hulisahau: gari la marehemu ambalo mirathi yake haijagawanywa ni mali ya warithi wote. Mmoja wao hana ruhusa ya kulikata wala kulitia gharama kwa niaba ya wenzake pasipo wao kuridhia. Tundu la mlangoni halizibiki, na neno lililotoka kati ya ndugu halirudi. Habari njema ni kwamba mara nyingi haja ya kukata haipo kabisa.

Kwa nini sauti huharibika

Spika ni kifaa chepesi kukielewa. Ndani yake mna sumaku, koili ya waya mwembamba wa shaba, na pia ya karatasi iliyoshikamana na koili hiyo. Umeme wa redio ukipita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma; karatasi nayo hutikisika na kuisukuma hewa, nasi tukasikia sauti. Ukingo wa karatasi hushikwa na utepe laini, wa sifongo au wa kitambaa, ili iweze kucheza bila kuyumba.

Adui wa Pwani ni unyevu na chumvi: karatasi hulegea, na viungo vya waya huota kutu ya kijani. Adui wa Mwala ni joto la gari lililoanikwa juani mchana kutwa, likakausha sifongo hata ikamumunyika kama mkate mkavu, pamoja na vumbi linalopenya hadi kwenye uwazi mwembamba baina ya koili na sumaku. Gari lililoishi kwenye hali zote mbili limeonja dhiki mara mbili.

Kupima kabla ya kununua

Fundi mwaminifu hupima kwanza. Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo: karatasi ya spika husukumwa polepole kwa vidole vya mikono miwili, kwa nguvu sawa kila upande. Ikirudi kimya, koili imekaa mahali pake. Ikikwaruza, koili imepinda au imejaa vumbi.

Cha pili ni betri ndogo ya volti 1.5, kama ile ya tochi. Nyaya zake huguswa kwenye vituo vya spika kwa nukta moja tu. Ikitoa mlio mfupi, koili iko hai. Kama karatasi ilirukia nje, kituo kilichoguswa na upande chanya wa betri ndicho chanya cha spika, nacho hutiwa alama. Alama hiyo ina maana kubwa, kwani spika mbili zikiungwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti nzito hupotea ingawa spika zote mbili ni nzima. Wapo walionunua spika mpya kwa kosa la waya mmoja.

Cha tatu ni mita ya umeme. Spika ya omu 4 kwa kawaida husoma pungufu kidogo ya 4, na ya omu 8 hivyo hivyo. Mita isiposoma kitu, waya wa koili umekatika.

Kuziba ufa

Karatasi iliyochanika kidogo huzibwa kwa kipande cha karatasi laini, kama ile ya shashi, na gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji kidogo, kisha ikaachwa ikauke kabisa. Utepe wa sifongo uliomumunyika hubanduliwa, mabaki yakasafishwa, na mpya ukabandikwa. Kazi hiyo hutaka subira, kwani koili lazima ikae katikati hadi gundi ishike. Vituo vyenye kutu hukwanguliwa na kulehemiwa upya. Spika ya asili iliyotengenezwa hivyo hutoa sauti ya wastani iliyo safi, na kwa kisomo na mawaidha hiyo inatosha, maana sauti ya binadamu haidai vishindo.

Ikiwa koili imekatika, hapo kununua si israfu. Kabla ya kununua, fundi na atazame redio imeandikwa omu ngapi. Redio iliyoundwa kwa spika za omu 8 ikifungwa spika za omu 4 hulazimika kutoa umeme mwingi kuliko uwezo wake, nayo huweza kuungua. Ukubwa nao uchaguliwe wa kuingia pale palipokuwa na spika ya zamani, nyuma ya wavu ule ule wa asili. Tundu za skrubu zisipolingana, seremala atachonga pete ya mbao au ya plaiwudi ya kuikalia spika mpya, na gari halitaguswa hata kwa msumari mmoja.

Na kwa kazi ya mbao, Mwala haina haja ya kuagiza mtu mbali. Wamunyu ndiko alikotoka Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji kwa Wazaramo wa Tanganyika siku za Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao kwao, na kutoka kwake ufundi huo ukaenea Ukambani hadi Changamwe, penye ushirika wa wachongaji Wakamba. Mkono uwezao kuchonga twiga hautashindwa na pete.

Waya na usalama wa familia

Sehemu ya hatari ya kazi hii haiko kwenye spika, iko kwenye nyaya. Katika magari mengine ya kale, waya mmoja wa spika uliungwa kwenye bodi ya gari. Redio nyingi za sasa hazikubali hivyo: kila spika hutaka nyaya zake mbili, na mmoja ukigusa bodi redio huharibika. Nyaya za kale zilizokauka ngozi zibadilishwe. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake karibu na betri, na kila unapopita katika tundu la bati uvishwe mpira usije ukakatwa na makali. Waya uliochubuka usio na fyuzi huweza kuliwasha gari zima, nalo lina watoto ndani.

Kiasi cha sauti

Spika zikishapona, hubaki jaribu la kuzifungulia mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: mtu mzima asikilize sauti ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na mtoto asizidi desibeli 75 kwa muda huo huo. Sauti ikipanda desibeli 3 tu, muda wa salama hupungua kwa nusu. Sikio lililoharibiwa na kelele halina fundi. Na Luqman alipomuusia mwanawe, miongoni mwa wasia wake ulikuwa kuishusha sauti.

Kwa kina mama, ambao mara nyingi ndio washika mfuko, hapana haja ya kuwa mafundi. Yatosha kumuuliza fundi maswali manne kabla ya kutoa fedha: Umeipima koili? Redio na spika zinalingana omu? Fyuzi utaiweka wapi? Je, kuna popote utakapokata? Anayeijua kazi yake atajibu bila kukasirika. Anayesema tu kwamba zote zimekufa zitupwe, naye hajashika mita, mshukuruni kisha mtafuteni mwingine.

Kisomo kinaposomwa tumeamrishwa tukisikilize na tunyamaze. Basi ni haki yake kisikike herufi kwa herufi, bila mkoromo, hata katika gari lenye umri wa bibi. Wabillahi tawfiq.