Gharama ya Kurudisha Bidhaa Iliyonunuliwa kwa Intaneti: Ni ya Nani?

Katika stakabadhi za maduka mengi ya Afrika Mashariki huchapwa maneno machache kwa herufi kubwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Kanuni hiyo ni ya zamani, na katika duka la kawaida ina mantiki yake. Mnunuzi husimama mbele ya kaunta, hukikunjua kitenge akakitazama kwenye mwanga, huigonga sufuria kwa kidole ausikilize mlio wake, huvivaa viatu akatembea hatua tatu nne. Akishalipa, huchukuliwa kwamba amekwisha kukiona alichotaka kukiona.

Biashara ya intaneti imeing'oa nguzo ya kanuni hiyo. Mnunuzi huona picha na maelezo tu. Ukaguzi ambao zamani ulifanyika dukani kabla ya malipo sasa hufanyika nyumbani baada ya malipo, na baina ya nyumba hiyo na ghala la mwuzaji pana nauli. Swali la nani ailipe nauli hiyo huonekana dogo, lakini limewashughulisha wabunge, majaji na wanauchumi kwa zaidi ya miaka 20, kwa kuwa jibu lake huamua pia bei ya bidhaa, idadi ya vifurushi vinavyozunguka barabarani, na hata kiasi cha nguo nzima zinazoishia jalalani.

Yafaa kwanza kuzitenganisha sababu za kurudisha. Iwapo bidhaa ni mbovu, au si ile iliyoagizwa, jambo halina utata mwingi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo vifungu vyake vilirithiwa na Kenya na Tanzania tangu enzi za ukoloni, ilisema wazi kwamba mnunuzi mwenye haki ya kuikataa bidhaa halazimiki kuirudisha kwa mwuzaji; yatosha amjulishe kwamba ameikataa. Kwa maneno mengine, aliyepeleka kitu kibovu aje akichukue mwenyewe. Wanasheria wa karne ya 19 hawakuijua intaneti, lakini jibu lao lingali na nguvu.

Mahakama ya Haki ya Ulaya iliusogeza msimamo huo mbele zaidi katika hukumu yake ya tarehe 16 Juni 2011. Mnunuzi mmoja wa Ujerumani alikuwa ametandaza vigae sakafuni kabla ya kugundua kwamba vilikuwa na madoa yasiyotoka. Mahakama iliamua kwamba mwuzaji hubeba hata gharama ya kuving'oa vigae vibovu na kuvitandaza vipya, ingawa sheria ya nchi inaweza kuiwekea gharama hiyo kikomo cha kiasi.

Utata huanza pale ambapo bidhaa ni nzima, mwuzaji hakukosea, ila mnunuzi ameghairi. Huenda rangi haikumpendeza. Huenda kiatu kinambana. Hapa kuna watu wawili wasio na hatia na gharama moja ambayo lazima imwangukie mmoja wao.

Nchi za Umoja wa Ulaya zililigawa jambo hilo vipande viwili. Kwa agizo lililopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika tarehe 13 Juni 2014, mnunuzi wa mbali hupewa siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Akighairi, mwuzaji humrudishia bei pamoja na nauli ya kawaida ya kumpelekea bidhaa. Lakini nauli ya kuirudisha hubebwa na mnunuzi, isipokuwa mwuzaji amekubali kuilipa au hakumwarifu mapema kwamba ataitoa yeye. Kwa vitu visivyopitika katika posta, kama vile godoro au kabati, mwuzaji anatakiwa kuitaja mapema gharama ya kuvirudisha. Sharti hili la kuarifu ni la busara kuliko linavyoonekana: mwuzaji anayenyamaza ndiye anayelipa.

Kwa nini nauli ya kwenda imwangukie mwuzaji? Jibu lilitolewa mwaka 2010 katika kesi ya kampuni ya Ujerumani iitwayo Heinrich Heine, iliyokuwa ikiwatoza wateja euro 4.95 za kupelekewa bidhaa na kuzishikilia fedha hizo hata mteja alipoghairi. Mahakama ilikataa. Ilieleza kwamba mnunuzi akibebeshwa nauli zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, haki yake ya kughairi itabaki kwenye karatasi tu, maana wengi wataona heri wakae na kitu wasichokitaka.

Wajerumani wenyewe walikuwa na kanuni nyingine kabla ya Juni 2014. Bidhaa ya zaidi ya euro 40 ilirudishwa kwa gharama ya mwuzaji. Ya bei isiyozidi hapo, mwuzaji aliweza kumwachia mnunuzi gharama hiyo. Kanuni iliondolewa, lakini wauzaji wengi waliendelea kulipa kwa hiari. Kampuni ya Zalando, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2008, ilikuwa imejijengea jina kwa ahadi hiyohiyo ya kurudisha bure, na karibu nusu ya bidhaa ilizozipeleka zilikuwa zikirudi.

Neno «bure» ladai kuchunguzwa kwa hesabu. Na ichukuliwe kwamba mwuzaji wa viatu amepeleka jozi 100, na jozi 20 zimerudi. Kila jozi inayorudi humgharimu shilingi 6,000 za usafiri, ukaguzi na ufungaji upya. Jumla ni shilingi 120,000. Fedha hizi hazitoki hewani. Zitatafutwa katika jozi 80 zilizobaki kwa wateja, yaani shilingi 1,500 kwa kila jozi. Zikirudi jozi 50, gharama huwa shilingi 300,000, na jozi zilizobaki ni 50 tu. Kila mteja aliyebaki na viatu vyake amelipa shilingi 6,000, gharama kamili ya mzigo mmoja uliorudishwa na mtu asiyemjua. Zikirudi 75, hulipa 18,000. Wanafunzi wa hisabati wataona kwamba mchango huo haukui kwa mstari ulionyooka. Ikiwa gharama ni g na sehemu inayorudi ni s, kila anayebaki na bidhaa hulipa g mara s, gawanya kwa moja toa s. Na kadiri s inavyoikaribia 1, mchango hupanda kama ukuta.

Kwa hiyo «kurudisha bure» maana yake halisi ni kwamba mwenye kununua kwa uangalifu humlipia mwenye kununua ovyo. Mtu anayeagiza kiatu kimoja kwa namba 38, 39 na 40 ili abaki na kimoja, hatozwi chochote kwa safari mbili za ziada. Hata hivyo si haki kumlaumu haraka. Namba za viatu za bara la Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani kama milimita 6.7, za Kiingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, yaani kama milimita 8.5. Ngazi hizo mbili hazilingani kila mahali, na nguo zina vurugu kubwa zaidi. Anayeagiza namba tatu aghalabu anaufidia upungufu wa maelezo aliyopewa.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1970 Guido Calabresi, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alichapisha kitabu kuhusu gharama za ajali. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba gharama yafaa iwekwe kwa yule awezaye kuizuia kwa urahisi zaidi. Hoja hiyo ikipimwa katika viatu, jibu huwa tofauti kwa kila sababu. Kiatu kikirudi kwa kuwa namba yake hudanganya, wa kuzuia ni mwuzaji: yeye ndiye mwenye kumbukumbu za mamia ya jozi zilizorudi, naye aweza kuandika kwamba kiatu hiki ni chembamba. Gharama ikimkaa yeye, ataandika. Ikimkaa mnunuzi, hana haraka. Kikirudi kwa kuwa mnunuzi alikitaka kwa sherehe ya siku moja, wa kuzuia ni mnunuzi. Tatizo ni kwamba kifurushi hakisemi kimerudi kwa nini, na mnunuzi akiulizwa atachagua jibu lisilomgharimu.

Basi kwa nini wauzaji wasitoze tu? Amanda Bower na James Maxham walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Journal of Marketing mwaka 2012. Wauzaji walidhani kwamba mteja anayejua kosa ni lake atalipa bila kinyongo. Sivyo ilivyokuwa. Baada ya miaka miwili, wateja waliolipia kurudisha walikuwa wamepunguza manunuzi yao kwa mwuzaji yule kwa asilimia 75 hadi 100. Waliorudisha bure walinunua kwa asilimia 158 hadi 457 ya kiwango chao cha awali. Kwa mwuzaji mmoja mmoja, kutoza ni hatari.

Kwa jamii nzima hesabu ni nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bamberg walikadiria kwamba Ujerumani ilirudisha vifurushi milioni 280 mwaka 2018, vyenye bidhaa milioni 487, na kwamba ada ya wastani wa euro 2.95 ingepunguza urudishaji kwa asilimia 16 hivi. Bidhaa kama milioni 80 zisingesafiri bure. Lakini hakuna mwuzaji anayetaka kuwa wa kwanza kutoza. Mwaka 2022 kampuni ya Zara ilianza kutoza pauni 1.95 nchini Uingereza kwa anayerudisha kupitia kituo cha vifurushi, huku anayepeleka dukani halipi. Jina kubwa lilipotangulia, wengine walifuata.

China ilikwenda njia ya tatu. Sheria iliyoanza tarehe 15 Machi 2014 humpa mnunuzi siku 7, na nauli ya kurudisha ni yake. Lakini tangu mwaka 2010 palikuwapo bima ya nauli katika soko la intaneti la Taobao: mtu hulipa fedha kidogo anaponunua, na akirudisha hufidiwa. Mwenye mazoea ya kurudisha hutozwa zaidi. Mchango uliofichwa ndani ya bei umetolewa nje, ukaonekana, na kila mtu akapimiwa kwa mwenendo wake.

Katika Afrika, sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2002 humpa mlaji siku 7, naye hudaiwa gharama ya moja kwa moja ya kurudisha peke yake. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, iliweka siku 7 za kughairi. Lakini biashara kubwa ya mtandaoni ya Dar es Salaam hufanyika kwa picha za simu, na mzigo huletwa na kijana wa bodaboda. Mnunuzi huufungua mlangoni, hutikisa kichwa, hufunga mlango. Nauli ya kwenda na kurudi imekwisha kutumika, na kiasi chenyewe ni kidogo mno kwa mtu kukipeleka mahakamani. Hapo gharama haimfuati mwenye kosa, wala awezaye kuizuia. Humwangukia yule ambaye fedha bado zimo mkononi mwa mwenzake. Ndiyo maana wauzaji wengi siku hizi hudai nauli itangulie kwa simu kabla mzigo haujatoka dukani, na wanunuzi wengi nao hukataa kutoa hata senti kabla hawajauona mzigo, huku bodaboda akingoja ukingoni mwa barabara.